Zinakwenda Wapi, Mama?

Tangu apatwe na kiharusi, mama aliona gari likiwa mbali, kisha ghafla likiwa mbele yake. Mwendo wenyewe hakuuona. Kila Jumanne nilimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya macho, mwanamume wa vidole virefu ambaye hupuliza skrini kabla ya kuanza, kama anayepoza uji. Huwasha nukta nyeupe zinazosogea, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Zinakwenda wapi, mama?" Mama akikosea, yeye husema tu, "Haya, tena." Siku moja nilimuuliza kama tunajisumbua bure. Akajigusa kisogo. "Huku nyuma ya ubongo kuna seli zinazoamka kitu kikienda kulia tu, na nyingine kikienda kushoto tu. Zake nyingi zimekufa. Zilizobaki ndizo tunazibishia hodi."

Wiki ya kumi na moja mama akasema, "Kulia." Kisha, "Kushoto. Sasa juu." Mtaalamu hakushangilia. Alibadilisha mwelekeo mara sita, na mara zote sita mama akapatia. Hapo akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaifuta tena. Mama alikuwa akimtazama.

"Mwanangu," akamwambia, "mbona mikono inakutetemeka?"