Siku Tisa za Nyuki Kwenye Kibanda cha Mama

Nta ikipigwa na jua juu ya rangi mpya ya mafuta hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Inaanza tamu kama asali, halafu inakwaruza koo kama umeingia duka la muuza rangi. Nikiinusa hata leo, mahali popote, hasira zinanipanda kwanza ndipo nicheke. Ndiyo harufu ya juu ya kilima chetu, upande wa Sikonge, pale ilipokuwa stesheni ya hali ya hewa ya Mama. Naandika kilima kwa sababu siku hizi nimetembea kidogo na nimeona milima ya watu. Utotoni tuliuita mlima na hakuna aliyetubishia, maana nchi ya Tabora imelala kama mkeka, na chochote kinachoinuka kidogo kinaheshimiwa. Babu alipenda kusema kwamba hata wapagazi wa misafara ya zamani walikuwa wakikiona kwa mbali wanaanza kuimba, wakijua Tabora imekaribia. Mimi sikuimba hata siku moja. Nilikuwa nakipanda mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, katika miezi ile ya jua kali kabla ya mvua, ardhi ikiwa ya moto mpaka kandambili zinalainika, na sitaki mtu aniambie habari ya mandhari nzuri.

Stesheni ni neno kubwa. Ulikuwa uzio wa seng'enge, na ndani yake vitu viwili. Cha kwanza ni kibanda cheupe cha mbao, kama sanduku lililosimama kwa miguu minne, kuta zake vibao vilivyolazwa kwa kuachana ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani ya kibanda ndimo kilimokaa kipimajoto. Cha pili ni tufe la kioo lililowekwa juu ya nguzo, na nyuma yake inapachikwa kadi ya kijani. Jua likiwaka, tufe linalikusanya na kuchoma mstari mwembamba wa kahawia kwenye kadi. Wingu likipita, mstari unakatika. Jua likirudi, mstari unaendelea. Jioni unatoa kadi, unaandika tarehe nyuma, unaweka nyingine. Babu ndiye aliyeianza kazi hiyo, na alipozeeka miguu akamwachia Mama. Tangu Babu mpaka Mama, daftari halikuwahi kukosa siku. Siku ya msiba wa bibi limeandikwa. Siku niliyozaliwa mimi limeandikwa, mwandiko umepinda kidogo tu. Mimi, mtoto wa ndoto nyingi, nilikuwa naamini namba zetu zinapelekwa kwenye jumba kubwa sana, ambamo watu waliovaa makoti meupe wanasimama kimya zikisomwa za kilima chetu.

Kijijini hawakuwa na heshima hiyo. Walimwita Mama Nyuzi, kwa zile nyuzijoto zake. Akipita kisimani utasikia, "Mama Nyuzi, leo tuoge au tusioge?" Naye hujibu bila kusimama, "Wewe ulitakiwa kuoga tangu jana." Lakini akifika juu ya kilima mzaha unakwisha. Saa tatu asubuhi ni saa tatu. Si saa tatu na dakika nne. Nilikuwa darasa la tano, nikimwona anavyoishika saa yake mbele ya kibanda akisubiri mshale, nikawa najiuliza joto lingedhurika nini kama tungekunywa uji kwanza.

Mwaka ule ikaja habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka mjini, na kwamba stesheni ndogo zenye mapengo kwenye madaftari zitafungwa. Mama hakulala vizuri wiki nzima, ingawa pengo hana. Akaanza kuona kasoro kila mahali, na kasoro ya kweli aliyoiona ni mchwa: walikuwa wamekula sakafu ya kibanda. Akamwita mdogo wake, Mjomba Masanja, fundi wa mizinga ya nyuki. Si ile mizinga ya magogo inayotundikwa porini, bali ya kisasa, masanduku ya mbao yenye miguu. Mjomba alikuwa ametengeneza masanduku mengi kiasi kwamba nadhani angepewa kutengeneza kabati la nguo angeliacha tundu la nyuki. Akang'oa mbao mbovu, akapigilia mpya, akapaka rangi nyeupe ikang'aa. Kisha, kwa mkono uliozoea, bila kumuuliza mtu, akachukua bonge la nta akasugua ndani yote, pembe kwa pembe. Kwa fundi wa Sikonge sanduku lisilosuguliwa nta ni sanduku ambalo halijakwisha. Alipoulizwa baadaye alisema nta inazuia mchwa. Ni kweli, inazuia. Ila nta hiyohiyo ndiyo fundi anayoisugua ndani ya mzinga mpya ili nyuki wanaopita waisikie na waone wamekaribishwa.

Nao wakaona wamekaribishwa. Asubuhi moja tulifika tukakuta kibanda kinanguruma kama pikipiki iliyo mbali. Kundi zima limening'inia ndani, limekumbatia kipimajoto. Mama akasimama, saa mkononi, saa tatu kasoro dakika mbili. Kwa mara ya kwanza nikamsikia anatukana, tusi dogo la Kinyamwezi, kisha akaomba msamaha kwa Mungu. Mjomba alipoitwa akapanda kilima akitabasamu kama mtu aliyejaliwa mapacha.

"Watoe," Mama akamwambia.

"Dada, hawa wamekuja wenyewe."

"Nimeona wamekuja wenyewe, sikuwaandikia barua. Watoe."

"Nyuki aliyekuja mwenyewe kwenye mji wako hafukuzwi, wala hachomwi, wala hahamishwi mpaka mwezi uandame. Hukulelewa na mama mmoja na mimi?"

Alimpiga pale panapouma. Kwetu ndivyo tulivyokuta: nyuki wa kuja wenyewe ni wageni, na ukiwasumbua kabla ya mwezi mpya, baraka inaondoka nao. Mama, ambaye angegombana na serikali nzima kwa ajili ya dakika nne, hakuweza kugombana na marehemu mama yake. Zilibaki siku tisa mwezi uandame. Mkaguzi alikuwa anakuja siku ya kumi. Nikasema basi tukitoe kipimajoto tukakitundike kwenye mti. Mama akanitazama kama nimesema tukauze msikiti. Kipimajoto hukaa ndani ya kibanda, kwa kimo kilekile. Nje ya hapo unapima mambo mengine. Mjomba akasema atawapulizia moshi wa kienge, kile kitita cha majani makavu, wapoe. Mama akakataa: moshi una joto. Basi akafungua mlango taratibu, bila moshi, akainamisha uso asome.

Nyuki wakamvaa usoni, tukamteremsha kilima tumemfunika kichwa kwa nguo. Jioni macho yalikuwa yamefumba kabisa, mashavu yamevimba kama maandazi, homa imempanda. Kitandani akanishika mkono, akasema, "Nyamizi, daftari lisikose siku." Nilimpenda mama yangu. Nikachukua daftari, saa, na unyoya wa kuku alionipa Mjomba wa kuwapangusia nyuki polepole, nikaenda kuwa stesheni.

Aliyesema fuata nyuki ule asali hakusema utangoja mpaka mwezi gani. Nilidungwa sikioni, shingoni, na mahali ambapo sitapaandika. Nilijifunza kupumua kwa pua, kusogeza mkono kama vile umelala usingizi. Nikasoma: nyuzi thelathini na tano. Alasiri, thelathini na tano. Kesho yake asubuhi, upepo wa ubaridi wa kuvaa sweta, thelathini na tano. Alasiri, jua la kupasua jiwe, thelathini na tano. Nikishuka namsomea Mama, naye gizani mwake anakunja uso uliokwisha kukunjwa na sumu.

"Thelathini na tano tena? Mwanangu, umefika juu kweli?"

"Nimefika, Mama."

"Au umekaa chini ya kilima unacheza kete?"

Nilimwonyesha sikio, lakini hana macho ya kuona. Siku ya tatu aliuliza hivyohivyo, na safari hii sauti yake haikuwa ya kugomba, ilikuwa ya kukata tamaa, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Mtu umedungwa, umeungua miguu, umesema kweli, halafu kweli yako inamuumiza mgonjwa. Siku ya nne nikasoma thelathini na tano, nikaandika ishirini na sita asubuhi na thelathini na tatu alasiri. Nikamsomea. Mama akashusha pumzi ndefu, akaegemea mto. "Hayo ndiyo maneno," akasema. "Sasa unasoma." Usiku huo alikula ugali kwa mara ya kwanza.

Uongo ukishapokelewa kwa shukrani hivyo, kuuacha ni kazi. Siku ya tano nikatunga tena, na nilitunga vizuri: napandisha kidogo, nashusha kidogo. Siku ya sita hasira zangu zilikuwa zimefika kooni. Nilikaa kwenye mwamba pale juu, nimevimba mdomo, nikajiambia, kama kichwa changu ndicho kipimajoto, kichwa hakihitaji kupanda mlima. Nikaandika ya siku hiyo, na ya saba, na ya nane, na ya tisa, yote kwa mkupuo, kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri. Toka hapo nikawa napanda jioni tu kubadilisha kadi za jua, maana kadi sikuweza kuzitunga.

Mvua ya kwanza ilikuja siku ya nane. Si mvua ya kulimia, ni ile ya kupita njia, lakini ilileta wingu zito tangu alfajiri mpaka jioni, na baridi iliyotufanya tuote moto mchana. Nilipanda nikaitoa kadi: imelowa, kijani tupu, haina hata doa. Nikaandika tarehe nyuma, nikaweka mpya, nikashuka, nikamkuta Mama amelala, sikumsomea namba, na Mungu anisamehe, sikukumbuka kitu.

Jicho moja la Mama lilifunguka siku ya tisa mchana. Kabla ya kuomba maji aliomba daftari. Akaketi mlangoni, kadi upande wa kushoto, daftari upande wa kulia, akawa anapeleka kidole kutoka kwenye kadi kwenda kwenye namba, kadi, namba. Kidole kikasimama. Pale jana, siku tuliyoota moto, binti yake alikuwa ameandika alasiri nyuzi thelathini na nne.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alisema tu, "Nieleze," nikaeleza yote, nikilia mpaka kwikwi, ya kutunga na ya kuandika mbele, na nikasema pia kwamba zile thelathini na tano nilizoziona ni za kweli, naapa. Mjomba, aliyekuja kujiandaa kuhamisha nyuki jioni hiyo, akakuna kichwa. "Hilo hakudanganyi, Dada. Nyuki wakikaa wanajipasha wenyewe. Nje kukiwa baridi, kukiwa jua, ndani ni joto lilelile. Hali ya hewa hawana. Wana yao."

Mama akazipanga tena kadi zake. Kisha akaniambia nilete rula.

Mjomba akaelewa kabla yangu. "Dada, usifanye hivyo. Mkaguzi kesho. Hiyo ya jana irekebishe, ya leo irekebishe, hizo nyingine nani aliziona? Watafunga hapa. Kazi ya Baba yote hiyo!"

"Kazi ya Baba ndiyo hiyo ninayoifanya," Mama akasema. Akaweka rula, akapiga mstari juu ya namba zangu zote, za uongo, na za kweli zisizokuwa za hewa, siku tisa. Pembeni, mahali pa maelezo, akaandika: Nyuki ndani ya kibanda. Joto halijulikani. Kisha akageuza uso wake uliovimba ukutani, akalia. Nami ndipo nilipojua nilichovunja.

Mkaguzi, mzee mmoja wa zile familia za Kiarabu za mjini, mpole, kanzu chini ya koti, alipanda kilima kesho yake akihema. Mwezi ulikuwa umeandama na nyuki wamehamia kwenye mzinga wa Mjomba. Alilifungua daftari akafika kwenye siku tisa. Akazitazama kadi za siku hizo, moja moja. Akamuuliza Mama, "Hizi hukuweza kukadiria?" Mama akajibu, "Niliweza, mzee wangu." Basi akaandika kitu kwenye karatasi zake, hakutuonyesha, akaomba chai, akaondoka. Tulingoja miezi. Barua ya kufungwa haikuja. Ya kusifiwa pia haikuja.

Leo uzio ule una mlingoti wa chuma wenye kioo cha umeme wa jua, unapima wenyewe kila dakika kumi na kutuma wenyewe, hauvimbi uso wala hauna binti. Nami nikiwa kwenye kibanda changu cha chipsi karibu na hospitali ya Kitete, Tabora mjini, nafungua simu naambiwa Sikonge kuna nyuzi ishirini na tisa, na kila mteja ana namba yake na kila mmoja anaapa. Zamani namba moja iligharimu mlima mzima. Siku hizi zinamwagika kama pumba. Sisemi ni vibaya. Ningeupata mlingoti ule nikiwa darasa la tano ningeubusu.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani alipokuja kijana mtaalamu na kompyuta, anaingiza madaftari ya zamani. Alifanya kazi haraka, anapiga miluzi, mpaka alipofika mwaka wetu. Kompyuta ikakataa. Kila akiacha nafasi tupu inamrudisha nyuma, inataka namba. Akajaribu saa nzima, jasho linamtoka, na mimi nilimhurumia, naijua hasira ile. Mama alikuwa amelala kidogo chumbani, siku hizi anachoka mapema. Kijana akainua macho, akaongea kwa kunong'ona asimwamshe.

"Dada, wewe si ulikuwepo? Nipe hata za kukisia. Siku tisa tu. Nani atajua?"

Nilizikumbuka zote. Ishirini na sita, thelathini na tatu, ishirini na tano, zote, kwa mpangilio wake, kama jedwali la kuzidisha. Nikamsogezea kikombe cha chai.

"Sijui," nikamwambia. "Hatujui. Piga simu ofisini kwenu, waulize hiyo inaandikwaje."