Boti ya Bwana Ilipojaa Mvua

Mimi nimeshajicheka vya kutosha, wasomaji wenzangu. Sasa ni zamu yenu.

Ni seremala hapa Newala, na boti nilikuwa sijaigusa maishani. Lakini Bwana wa Barabara, Mwingereza msimamizi wa barabara zetu, apendaye kwenda pwani Mikindani kuvutwa na boti akiwa amesimama juu ya mbao, aliponiuliza kama naweza kuongeza pezi la pili chini ya boti yake ili isiyumbe, nilijibu naweza, tena kifua mbele.

Pezi nikalifunga kwa bolti, matundu nikayaziba kwa lami. Ikabaki kujua kama panavuja. Mtu wa pwani angeishusha baharini. Sisi wa huku juu mlimani hata maji ya kunywa twayafuata bondeni. Nikawaza, chombo kisichotoa maji ya ndani hakitaingiza ya nje. Nikaiegesha uani juu ya magogo, wazi juu, nikaomba mvua.

Mvua ikaja. Asubuhi boti ilikuwa imejaa pomoni, haivuji hata tone. Kwa furaha nikamwita mke wangu, naye akaita majirani, nao wakaita ukoo. Namaliza chai, uani pana msururu wa ndoo.

Ndipo Bwana akatokea. Akainama kutazama kazi yangu. Kwa uzito ule magogo yalikuwa yamedidimia kwenye tope, na pezi lote limefukiwa.

"Pezi liko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi mmoja mgeni akamsogezea kata ya maji.

"Kunywa kwanza, Bwana. Fundi huyu ametujengea tangi, Mungu amzidishie."