Kitunga cha Udongo Mwekundu

Shule nilisoma kidogo tu, lakini uongo sikufundishwa. Haya niliyaona mwenyewe, mchana, na Riziki mjukuu wangu, anayeniita Koko, yaani bibi, ni shahidi. Anayetaka kucheka acheke kwanza, amalize, halafu asikilize.

Ilikuwa 2015. Mimi na Riziki tulitoka Louisville, Marekani, kumtembelea mwanangu Columbus, jimbo la Ohio, naye akatupeleka kwenye kilima kimoja nje ya mji. Juu kimezungushiwa ukuta wa udongo, na handaki kando yake. Mwanangu akasoma kibao: waliojenga ni watu wa kale sana, walibeba udongo kwa vitunga, majina yao hakuna anayeyajua.

Mimi nikautazama ule ukuta. Kwetu Kongo, kwenye kilima tulikochimba kasiterite, lile jiwe la bati, kuna ukuta kama huo. Wachimbaji walikuta chini yake makaa na vyungu vilivyovunjika, vya watu ambao hata babu zetu hawakuwakuta. Wazee walitukataza jambo moja: pale ukutani usipokee mzigo wa mtu usiyemjua. Dada yangu mkubwa alipokea. Tulimwona akipanda. Kushuka, mpaka leo hatujamwona.

Bon. Mwanangu akarudi kwenye gari kutuletea makoti, na ukungu ukashuka. Mama mmoja akatoka handakini, kitunga mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, vile vile wanavyobeba mama zetu wa Kivu. Nikadhani ni mtu wa nyumbani!

"Pole na kazi, mama," nikamwambia.

Akavua mkanda, akamnyooshea Riziki. Mtoto akainamisha kichwa.

"Riziki, acha!"

"Koko, si ni wewe unasema nisimwache mkubwa na mzigo?"

Miaka yote namhubiria adabu, ananijibu Kiingereza. Siku hiyo ndiyo akachagua kutii!

Kitunga kikawa mgongoni kwake. Nikachungulia ndani. Udongo mwekundu, wenye punje nyeusi za kasiterite. Niambieni, Ohio utaupata wapi? Na miguu ya mtoto ilishaanza kupanda ukuta. Nikamvuta mkono, hakugeuka. Nikavuta mkanda, umenata kama ngozi yake.

Ndipo nikakumbuka kazi yetu. Kwetu, jioni, mbebaji hufudikiza kitunga chake, maana kitunga kilichoachwa mdomo wazi kinaita mzigo mwingine. Nikakishika kile kitunga kwa mikono miwili, nikakipindua pale pale mgongoni kwake, udongo wote chini.

"Mama," nikasema kwa nguvu, "kazi imeisha. Ukuta umetosha."

Mkanda ukaachia. Nikakifudikiza kitunga kwenye majani. Yule mama akakaa chini, akashika kiuno, akatoa pumzi ndefu, kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa maneno hayo. Ukungu ulipoondoka, hayupo, na kitunga hakipo.

Mtaniuliza: alikuwa dada yako? Hapana. Uso wa dada yangu naujua.

Leo Riziki ni mtu mzima, na paji lake bado lina mstari ambao poda haiufuniki. Nyumbani kwangu ndoo, beseni, kapu la nguo chafu, vyote nalaza mdomo chini, na yeye ndiye anayenikumbusha.

Wazazi, fundisheni watoto kusaidia, sikatai. Lakini mtu akikupa mzigo, muulize kwanza unakwenda wapi. Asipojua, usiinamishe kichwa.