Nyumba Tuliuziwa, Mkomamanga Hapana

Waliotuuzia nyumba ya Voi waling'oa mlango wa mbele pamoja na fremu yake. Nilipofika na sufuria zangu kichwani nilikuta shimo ukutani, na kupitia shimo hilo niliona moja kwa moja mpaka uani. Walichukua pia balbu, kulabu za mapazia, rafu za jikoni na misumari iliyozishika. Nilihesabu matundu ya misumari kwenye ukuta wa jikoni nikapata kumi na tisa. Mume wangu alisema ndivyo watu wanavyohama, mtu akiuza nyumba hajauza misumari yake. Nikamwuliza kama sisi tulinunua upepo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, na kwa miaka minane tulikuwa tumeishi landi, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, ambapo ukikaanga kitunguu jirani wa nne anajua. Nilikuwa nimeteremka kutoka milimani, huko juu Wundanyi, nikiwa bibi harusi, na tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: nyumba ambayo mtu akiuliza njia ataambiwa ni kwangu. Sikutaka kwa mume wangu wala kwa reli. Nilitaka kwangu.

Wauzaji walikuwa mtu na mkewe, Waislamu wenye asili ya Pwani, waliokuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni. Walikuwa wanahamia Taveta, upande wa Bomeni, kufungua duka jingine karibu na mpaka. Mume nilimwona mara mbili na sura yake imeshanitoka. Mke sitamsahau mpaka naingia kaburini.

Alinizidi miaka kama kumi, na bado ukitusimamisha pamoja jicho lingemwendea yeye. Alitembea kama mtu asiye na haraka ya kufika, leso yake imepigwa pasi hata siku ya kufunga mizigo. Kiswahili kilimtoka laini, hatafuti neno. Changu kilikuwa bado na milima ndani yake. Nikisema "kitu hii" muuza maziwa anatabasamu. Siku ya kukabidhiana nyumba, wanaume walikaa barazani na mashahidi, yeye akawa anazungumza nao kutoka ndani, nyuma ya pazia lililokuwa halijaondolewa bado. Alisema jambo, na mume wangu akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe. Mimi nilikuwa jikoni na matundu yangu. Kumbe ndipo jambo lenyewe liliposemwa, nami sikulisikia.

Vitu alivyoacha vilikuwa vichache. Jiwe la kusagia viungo lililovunjika pembe. Mtungi wenye ufa. Harufu ya udi ndani ya kuta, ambayo niliisugua kwa sabuni ya kipande mpaka vidole vikachubuka, na mvua ikinyesha ilirudi kama mwenye nyumba. Na uani aliacha mkomamanga.

Mti wenyewe haukuwa mkubwa. Ulifika ukingo wa paa, matawi membamba yenye miiba, na ulipochanua maua yalikuwa mekundu hata vumbi la Voi, ambalo hupaka kila kitu rangi yake, lilishindwa kuyafunika. Mtaa mzima uliujua. Ukitaka kuja kwangu uliambiwa, "Pita pale kwa mama wa makomamanga." Muuza mkaa alisema hivyo. Mwalimu wa watoto alisema hivyo. Mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea kwa mara ya kwanza alielekezwa kwa mwanamke mwingine, akafika kwangu akiuliza huyo ni nani.

Siku moja mume wangu alinishauri niwe nikiumwagilia ule mti maji ya kuoshea mchele, kwa sababu ndivyo yule mama alivyokuwa akifanya. Nikamwuliza amejuaje. Akasema aliambiwa tu, siku ile. Nililiweka moyoni.

Niseme mapema ili msomaji asihangaike: hapakuwa na lolote kati yao. Afadhali lingekuwapo, ningejua pa kupigana. Nilimwonea wivu kwa vitu ambavyo huwezi kumshtaki mtu kwavyo. Kiswahili chake, miguu yake isiyo na nyufa, kicheko alichomtoa mume wangu bila hata kuonyesha uso, na kwamba alikuwa amehama na bado nyumba ilikuwa yake.

Matunda ya kwanza yalipoiva niliyagawa kwa macho yangu kabla ya kuyachuma: haya ya mama yangu, haya ya watoto, haya ya jirani aliyenipa moto siku ya kwanza. Garimoshi la Taveta lilikuwa limeingia asubuhi ile, na mimi nilikuwa nasonga ugali wa mapema, niliposikia "hodi" uani. Nilipotoka alikuwa tayari chini ya mti na kikapu na kisu, anachuma. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za watoto, na mkono wake haukusimama.

Kwa adabu iliyokuwa imenibakia nilimwuliza kama amesahau kwamba waliuza.

"Nyumba tumewauzia, mwenzangu," akasema. "Mti sikuuza. Mumeo hakukwambia?"

Nilivyolelewa mimi, ukiuza ardhi umeuza na kilichoota juu yake. Hakuna mtu wa kwetu angekwenda kwenye shamba la mwenzake kudai muwa. Lakini kwao Pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu anaweza kuuza kiwanja na kubaki na mnazi wake, na minazi ya mtu mmoja ikasimama kwenye uwanja wa mwingine vizazi viwili bila ugomvi. Hilo ndilo alilolisema kutoka nyuma ya pazia, mbele ya mashahidi, na mume wangu akajibu hamna shida. Nilipombana jioni aliinua mabega. Alidhani ni mzaha, akasema, na hata kama si mzaha, ni mti tu.

Alipomaliza kuchuma siku hiyo alituhesabia saba, akaniwekea mkononi kama mtu aliyekuja kutembea na zawadi. Saba, kutoka uani kwangu. Niliapa sitayagusa. Watoto waliyala mbele yangu mpaka midomo ikawa myekundu, na mume wangu alikula moja akiwa amesimama, akatema mbegu, akasema ni tamu. Nilimwangalia akimeza.

Ikawa desturi. Kila msimu alikuja na garimoshi. Ikiwa mume wangu yuko nyumbani alimtolea kiti, akamtuma mtoto soda, akauliza bei za Taveta na habari za njia. Wanawake wa mtaa walimiminika uani wakicheka naye, wakipokea komamanga mojamoja kwa mikono miwili, na mimi nikawa natoka jikoni na chai na kurudi jikoni na vikombe, ndani ya nyumba yangu, mithili ya mtu aliyeajiriwa. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi kila alipokuja niliugua.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Bomba lilitoa maji saa mbili kwa siku, na tulipanga madebe tangu alfajiri. Nilikuwa naoshea vyombo maji ya kikombe kimoja. Mume wangu aliporudi kazini alijisafisha ndani ya karai, na maji yaliyobaki, ambayo ningefulia soksi za watoto, aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye mkomamanga, akayamwaga taratibu kuzunguka shina. Mtu ambaye nilipokuwa na malaria hakunishikia hata kikombe. Nilisimama mlangoni nikatazama mgongo wake ulioinama, na hapo nikaamua.

Asubuhi nilikuwa nikichemsha pure, mahindi na maharagwe, ambayo hukaa motoni muda mrefu. Mume wangu akishatoka kwenda kazini na watoto shuleni, niliyachuja yale maji yakiwa bado yanatokota nikayamwaga shinani. Nilifanya hivyo siku tatu. Wiki haikwisha kabla majani hayajaanza kukunjamana upande wa jikoni, kisha upande wa pili, na maua yakaanguka kabla ya kufunga tunda. Nilimwambia mume wangu ni jua. Alitazama mti, akanitazama mimi, akaenda kunawa.

Yule mama alikuja msimu ulipofika, na kikapu. Tulikuwa wawili tu nyumbani, yeye na mimi. Alichutama akafukua udongo kidogo kwa vidole karibu na shina, akaokota kitu akakipangusa kwa ncha ya leso. Kisha akafungua kiganja ili nione. Ilikuwa punje ya mahindi iliyovimba, imekauka, ngozi yake imechanika kama zinavyochanika zilizochemshwa.

Nilitamani anitukane. Nilikuwa na majibu ya miaka minne yaliyopangwa tayari, na kwa Kiswahili safi, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Yeye akaniomba panga. Nilimpa. Alikata mti wote mpaka kimo cha goti, akapanga matawi makavu pembeni kama kuni, akanirudishia panga mpini ukiwa mbele.

"Mama yangu aliupanda wiki niliyoolewa," akasema. "Leo nimekuachia, ni wako. Ukifa, utakuwa umekufia wewe."

Hakunywa chai. Alirudi stesheni na kikapu kitupu, na sikumwona tena.

Basi nikawa nimepata nilichokitaka. Nyumba yangu na kila kilichomo, mpaka mipaka yake minne, na katikati ya uani kisiki chenye urefu wa goti. Majirani walikuja kuuliza mama wa makomamanga atafika lini. Nilisema sijui. Nilianza kununua mchele hata siku ambazo hatukuwa na haja ya mchele, ili nipate maji ya kuuosha. Nilimwaga kikombe asubuhi na kikombe jioni, nikichutama pale pale alipochutama yeye, na nilipokuwa peke yangu nilikiomba msamaha kile kisiki kwa Kidawida, lugha ya kwetu milimani, kwa sababu kwa Kiswahili ningeona haya. Mume wangu aliniona akakaa kimya. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Mvua zilipokuja yalichipuka machipukizi manne, mekundu. Mwaka wa tatu yakazaa. Matunda ya kwanza sikuyala wala sikuyagawa. Niliyapanga ndani ya kikapu, nikampa mama mmoja wa mtaani aliyekuwa akienda Taveta kununua ndizi, ayafikishe Bomeni. Mume wangu alikuwa na safari ya kikazi ya upande huohuo wiki ileile, na alijitolea. Nilimwambia mzigo umeshapata mtu. Wivu ulikuwa umepungua, haukuwa umekufa.

Kikapu hakirudi kitupu, na hicho nacho kilirudi na ndizi za kule, zilizoiva vizuri, bila neno hata moja la salamu. Nilimhoji yule mama mpaka akachoka. Alisema alimkuta ameketi nje ya duka, mbele ya mlango wa mbao wa zamani uliokuwa mkubwa kuliko ukuta wake. Alipokea matunda, akaonja moja, akajaza ndizi. Nikamwuliza kama alisema ni tamu. Akasema hakusema.

Mtaani waliendelea kusema kwa mama wa makomamanga. Waliohamia baadaye walimaanisha mimi. Kila nilipoitika nilihisi nimevaa leso ya mtu.

Tulikaa hapo mpaka mume wangu alipostaafu, katikati ya miaka ya themanini, tukaamua kurudi milimani. Wanunuzi walikuwa mwalimu kijana na mkewe. Siku ya kuhama tuling'oa mlango wa chuma tulioufanyia kazi kwa miaka, na fremu yake. Nilifungua balbu. Rafu za jikoni nilizivua mwenyewe, na misumari nikaing'oa mmoja mmoja nikaitia ndani ya mkebe wa majani ya chai. Mume wangu aliniuliza hiyo ya nini. Nikamwambia aliyeuza nyumba hajauza misumari.

Wanaume walikaa barazani na mashahidi. Nilisimama ndani, karibu na dirisha, nikangoja wataje kiwanja na mipaka yake, kisha nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba mti siuzi, ni wangu, nitakuja kuchuma kila msimu. Mume wangu aliinamisha kichwa, akayarudia maneno yangu kwa wageni taratibu kama mtu anayesoma sala. Mwalimu akacheka, akasema hamna shida.

Nilimjua mwanamume wa aina hiyo. Nikaenda jikoni mwenyewe. Mkewe alikuwa pale, msichana mdogo mwenye mimba ya kwanza, kidole chake kikipita juu ya ukuta kutoka tundu hadi tundu. Nikamweleza habari ya mti, yote, bila kuficha kwamba nitakuwa nikiingia kwa mlango wa uani.

"Sawa, mama," akasema, kwa adabu nzuri sana, na macho niliyoyajua.

"Na ukiumwagia maji ya moto," nikamwambia, "hautakufa. Nimeshajaribu."