Shangazi Hakusikiliza

Shangazi yangu anampenda mwongozaji mmoja wa filamu kuliko anavyotupenda sisi ndugu zake, na wala hafichi. Filamu zake zote amezitazama, nyingine mara nne. Aliposikia kwamba hii mpya ni ya waendesha simu wa zamani, wale mabinti waliokuwa wakiunganisha simu za watu kwa mkono, alishona gauni. Miaka kumi na mmoja aliifanya kazi hiyo. Tulikwenda watatu: yeye, baba yangu ambaye ni mdogo wake, na mimi.

Nusu saa ya kwanza alikuwa akitunong'oneza kwa raha. Ubao wa simu ndio wenyewe, na matundu na nyaya zake. Viti virefu ndivyo. Hata msimamizi anayepitapita mgongoni na saa mkononi, ndiye.

Kisha binti wa kwenye filamu akaunganisha simu ya mkubwa fulani, akaacha wazi kiswichi cha kusikilizia, akasikiliza mazungumzo mwanzo mpaka mwisho. Siri aliyoipata akaipeleka gazetini. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Shangazi akasimama. "Uongo! Mwongo mkubwa huyu!"

Watu wakamzomea akae. Hakukaa. Alitoka, nasi tukamfuata huku tumeinamisha vichwa.

Shangazi alifukuzwa kazi, ndiyo maana. Siri ya mkubwa mmoja ilivuja gazetini, simu ilikuwa imepitia kwake, basi akaambiwa avue hedifoni aende nyumbani. Tangu hapo amesema jambo moja tu: sikusikiliza. Leo huyo kipenzi chake, na mataa yake yote na mavazi yake ya zamani, anautangazia ulimwengu kwamba walisikiliza! Alimwuliza nani? Angepungukiwa nini kumtafuta mwanamke mmoja tu aliyekalia kile kiti? Njia nzima damu ilinichemka, nikamlaani mtu yule kwa kila tusi ninalolijua.

Tulipofika kwake, shangazi hakuvua hata viatu. Alikaa mezani, akaweka kidole juu ya kitambaa kana kwamba ubao uko pale.

"Taa inawaka. Nachomeka waya, nauliza namba, naunganisha. Wakianza tu kuongea, nafunga kiswichi, hivi. Kuna taa nyingine tano zinanisubiri. Halafu maneno yenyewe si yangu! Huyu bwana hajui hata hilo?"

Baba akakuna kichwa, akatabasamu. "Dada, si tuko wenyewe hapa? Acha basi. Yule mkubwa ulimkomesha, na alistahili. Mimi miaka yote hii natamba kwa ajili yako."

"Unatamba kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

Shangazi akanigeukia mimi. Nilitazama sakafu. Shuleni niliwahi kuandika insha juu yake, jinsi alivyonasa siri ile kwa ujasiri, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Sikuwa nimemwuliza swali hata moja.

"Kumbe," alisema taratibu, "walionifukuza na nyie mnaonipenda mliamini kitu kilekile."

Shangazi akainama, akavua viatu, akavipanga chini ya kiti. Hakutufukuza. Alituomba tu tuvute mlango tukitoka.