Chungu Nilichompasulia Mama Mkwe

Mwaka niliofanywa mkatekista, nilivunja chungu cha mama mkwe wangu huko Ntoto. Nilikuwa nimesikia kwamba anawamwagia mizimu pombe ya ndizi kutoka katika chungu fulani. Nilipomwomba akitoe, aliniletea chungu, nami nikakipiga jiwe mbele ya watu. Nilirudi Masisi nikiimba.

Mwaka huu, kwenye mafunzo ya wakatekista, padri alituonyesha picha ya mtungi wa kale uliofukuliwa katika jangwa la Sinai. Juu yake mtu ameandika kwa Kiebrania baraka kwa jina la Yahwe “na Ashera wake”. Wataalamu bado wanabishana kama huyo Ashera ni mungu mke au mti wa ibada tu. Padri akaongeza kwamba Wayahudi, kila Pasaka, husimulia mezani mbele ya watoto kwamba babu zao wa kwanza waliabudu sanamu. Hawafichi. Mungu aliwavumilia vizazi na vizazi. Mimi sikumvumilia mama mkwe hata wiki moja.

Sasa ni mzee sana, nikaogopa atatutoka kabla sijamwomba msamaha. Mimi na mke wangu tulipanda pikipiki, kisha tukatembea kwa miguu hadi Ntoto. Tulimkuta akimenya mihogo. Kwa heshima ya ukwe niliketi nje ya mlango, macho pembeni, nikamweleza yote.

“Mukwe, ile chungu ulipasua ilikuwa ya maharagi,” alisema.

“Ya maharagi, Mama?”

“Ile ya pombe nilificha kwa dada yangu. Tulikula bugali na sombe ya mihogo tu mwezi muzima, bila maharagi, juu yako.”

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

“Na ile ya pombe, Mama?”

“Niliombea Mungu na wazee waliokufa pamoja, miaka mingi. Kisha siku moja nikaona niko naongea na Mungu tu. Hakuna muntu alinipasulia kitu.”

“Unanisamehe?”

“Nilikusamehe zamani. Lakini chungu ya kunilipa, ile ya maharagi, njo bado sijaiona.”

Jumamosi, katika soko la Kitshanga, niligonga vyungu kimoja baada ya kingine kwa kidole, nikisikiliza kama vina ufa. Nilichokichagua nilikipakata kwenye pikipiki hadi njia ilipoishia, nikimsihi dereva kila mteremko apunguze mwendo.