Karatasi Aliyoibandika Majvor

"Saa saba mpaka saa kumi ni zamu yangu! Jina langu lile pale kwenye ubao. Au na wewe macho yameanza kufifia?"

Sixten, dereva mstaafu wa tramu mwenye miaka sabini na sita, amesimama katikati ya chumba cha kufulia cha jengo zima na kapu la mashuka mkononi. Mbele yake mashine imejaa nguo za mtu mwingine. Zimeshafuliwa, zimelala humo na maji yake.

"Usinifokee mimi, mzee, si nguo zangu," anajibu Majvor, jirani yake, huku akifagia nyuzi chini ya mashine ya kukaushia. "Zitoe, weka kwenye beseni, fua zako."

"Mimi nishike nguo za watu? Nina kichaa? Naandika."

Na kweli, anatoa karatasi mfukoni. Kalamu pia anayo. Kama hujawahi kushuhudia ugomvi wa zamu ya kufua, basi hujaishi kwenye maghorofa ya Göteborg, Uswidi. Watu hapa hawagombani uso kwa uso. Wanabandika karatasi, hawaweki jina, na kila mtu anajua mwandiko ni wa nani. Wa Sixten unajulikana mpaka mtaa wa pili.

Kabla kalamu haijagusa karatasi, Majvor anamnyang'anya kalamu.

Majvor ana miaka hamsini na minane. Ndiye mtunza majengo: ngazi tano, kila moja na mlango wake wa kuingilia, kaya sitini na nne kwa jumla. Anabadilisha balbu, anazibua mabomba, anakwangua theluji kabla watoto hawajaenda shule. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili.

Lakini siku hizi ukimtaja, watu wanakumbuka kazi yake nyingine, ile asiyolipwa hata senti. Kila Jumatatu jioni anachemsha kahawa kwenye ghala la baiskeli na kuwafundisha majirani jambo moja: ukisikia mwanamke anapigwa, nenda kabonyeze kengele ya mlango wake.

Ilianza miaka tisa iliyopita, kwenye ngazi ya tatu. Majirani walilalamika kwake kuhusu kelele za nyumba moja: viti vinaanguka, mtu analia. Majvor akafanya alichofundishwa. Akaandika karatasi kwa upole, akaibandika mlangoni mwa jengo: Ndugu majirani, baada ya saa nne usiku tunaomba utulivu, wengine wanaamka mapema.

"Nikachora na jua linacheka," anasema. "Ili nisionekane mkali."

Wiki tatu baadaye gari la wagonjwa lilikuja kumchukua mwanamke wa ile nyumba. Alipona, lakini sikio la kushoto halisikii tena. Majvor alimpelekea maua hospitali.

"Akaniambia, 'Niliisoma karatasi yako, Majvor. Nikajitahidi kulia kwa sauti ndogo.'" Anapangusa meza ambayo tayari ni safi. "Nilitoka pale na maua yangu mkononi. Nilisahau hata kumwachia."

Jumatatu ya kwanza walikuja watu watatu, na mmoja alifuata keki. Leo wako ishirini na saba. Masharti yao ni mepesi: usiende kuhukumu, nenda uonekane. Omba chumvi, uliza saa, sema umepoteza paka. Mkiwa wawili ni bora. Ukiogopa, au ukisikia mtu yuko hatarini, piga simu polisi kwanza.

Mwaka jana walibonyeza kengele mara kumi na tisa. Mara kumi na moja walikuta televisheni imefunguliwa kwa sauti kubwa.

"Tukaomba radhi, tukacheka, yakaisha," anasema Majvor. "Aibu ya televisheni haijamvunja mtu taya."

Sixten hajawahi kuhudhuria hata Jumatatu moja. Alishatangaza kwamba yeye si mpelelezi, na mambo ya nyumba za watu ni ya nyumba za watu.

"Rudisha kalamu yangu," anasema sasa.

"Kwanza tazama hizo nguo ni za nani."

Ni za Hedda, wa ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na wa Sixten. Hilo si jina lake halisi; mwenyewe aliruhusu habari hii iandikwe baada ya kuhamia mji mwingine. Hedda hajawahi kuchelewa kutoa nguo zake, hata dakika moja. Na kwa miezi miwili amekuwa akijiandikisha zamu tatu kwa wiki, ilhali nyumbani kwake wako wawili tu.

"Nguo gani hizo za kufua kila siku?" Majvor anamuuliza Sixten. "Jumatatu nilimkuta amekaa pale chini, mashine haina kitu. Akaniambia, 'Huku mlango unafungwa kwa ndani.'"

Sixten anaweka kapu chini.

"Jana nilisikia kitu kimegonga ukuta," anasema polepole. "Nikaongeza redio." Anaitazama karatasi yake. "Asubuhi nilishaanza kuwaandikia. Kuhusu kelele."

Majvor hamsuti. "Basi twende juu."

"Nikaseme nini?"

"Omba sukari."

"Miaka thelathini na moja kwenye ngazi hii sijaomba sukari! Nikiomba leo watadhani nakata roho."

"Basi mpelekee nguo zake."

Mzee anafungua mashine. Anatoa nguo moja moja, anazikamua, anazikunja kwenye beseni pindo kwa pindo, kama mtu anayeogopa kuziumiza.

Ndoto ya Majvor si kubwa. Atastaafu baada ya miaka saba, na kabla ya hapo anataka kila ngazi, zote tano, iwe na mtu asiyeogopa kuonekana mjinga mlangoni kwa jirani. Ngazi ya Sixten ndiyo pekee haina.

Ghorofa ya pili. Majvor anabaki vidato vitatu chini, simu mkononi, namba ya polisi imeshaandikwa. Sixten anabonyeza kengele. Anabonyeza tena.

Mwanamume anafungua nusu. "Nini?"

"Nguo za Hedda."

"Lete."

"Nitampa mwenyewe."

"Amelala."

"Nitasubiri. Mimi nimestaafu."

"We mzee, unatafuta ugomvi?"

"Ugomvi wa leo nimeshaumaliza na mashine." Beseni linadondosha maji kwenye viatu vyake, lakini hasogei. "Hedda! Ni Sixten hapa!"

Hedda anatokea nyuma ya yule mwanamume. Kifundo cha mkono wake kimevimba, amekishika kwa mkono wa pili.

"Samahani, Sixten. Nimekula zamu yako."

"Zamu chukua. Chukua na ya kesho."

Kutoka chini Majvor anamuuliza Hedda kama apige simu. Hedda anaitikia kwa kichwa. Mwanamume anaiona simu, anamwona mzee aliyejaa mlangoni, anarudi nyuma hatua moja. Hedda anapita ubavuni mwake na kutoka nje bila viatu.

"Ndiyo, ghorofa ya pili," Majvor anasema kwenye simu. "Yuko na sisi. Njooni."

Mtaa huu mgeni hakaribishwi mezani ovyo: mtoto akienda kucheza kwa rafiki, wenye nyumba wakikaa mezani yeye husubiri chumbani mpaka wamalize. Mezani kwa Sixten hajaketi mgeni tangu mkewe afariki.

Anafungua mlango wake kwa kiwiko, beseni bado mikononi.

"Leo Alhamisi," anasema. "Kuna supu ya njegere kama kila Alhamisi, na chapati za maji nitakaanga sasa hivi. Kila wiki napika nyingi, nazigandisha, sijui namgandishia nani. Ingia, mwanangu, ufunge mlango kwa ndani. Na wewe Majvor, usisimame hapo kama nguzo, ingia ule."